Mke Mwenza wa Bandani

Kila asubuhi, kabla mume wangu hajanisalimu vizuri, alikuwa akisalimiwa na mwanamke mwingine. Aliingiza ufunguo, akauzungusha nusu, na kutoka mahali fulani chini ya dashibodi sauti nyororo ya kike ikasema maneno sita au saba ya Kijapani, kwa adabu ambayo mimi sijawahi kuifikia hata siku ya harusi yangu. Mume wangu naye alimjibu: "Salama, mama, umeamkaje?" Hapo ndipo alipowasha injini.

Baadaye tulikuja kujua kwamba yule mama hakuwa akisalimu. Binti yetu, anayefanya kazi mji mwingine, alipokuja likizo alimrekodi kwa simu, akampelekea mtu aliyewahi kusoma Japani, tukaambiwa anachosema ni kwamba kadi ya kupitia barabara kuu haijaingizwa. Kadi yenyewe ilibaki Japani na mwenye gari wa kwanza, na barabara zenyewe ziko ng'ambo ya bahari. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe siku zote ananiulizia kadi!" Kesho yake akamjibu vilevile: "Salama, mama. Kadi nitaleta."

Hivyo ndivyo gari lile lilivyopata jina la Mke Mwenza. Jina nililitoa mimi, wala sikulitoa kwa mapenzi. Lilikuwa gari la michezo, jekundu, la milango miwili, lililokaa chini kiasi kwamba mtu wa umri wangu akitaka kuingia anahitaji mpango, na akitaka kutoka anahitaji msaada. Taa zake za mbele zilikuwa zimefichwa chini ya vifuniko. Ukiziwasha zinafumbuka moja baada ya nyingine, kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati wake. Mzee alilinunua alipostaafu gereji, baada ya miaka thelathini na moja ya kutengeneza magari ya watu. "Hili la kwangu," alisema, "na nitalitengeneza hapahapa nyumbani." Akalitia kwenye banda la ubavuni mwa nyumba, banda ambalo mimi nilikuwa nimelitolea macho tangu zamani. Mimi ni fundi cherehani. Miaka yote nimeshonea barazani, jua likinifuata asubuhi na manyunyu yakinifuata jioni, na siku zote nilikuwa nikiiona meza yangu ya kukatia vitambaa ikiwa ndani ya banda lile, chini ya dirisha.

Sasa niwaeleze habari za huyo mume. Kule gereji walimwita Sikio. Mafundi wenzake walifungua injini ili kutafuta ugonjwa. Yeye alisimama kando, mikono nyuma, akasikiliza. Kama sauti imejificha ndani sana, alichukua bisbisi yake ndefu yenye mpini wa mbao, akaweka ncha kwenye chuma cha injini na mpini kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, akafumba macho. Akifumbua anasema, "Beringi ya pampu ya maji," na ikifunguliwa inakuwa ni beringi ya pampu ya maji. Wale waliopaka povu la sabuni kwenye mipira ya injini ili waone panapovuja, aliwatania bila huruma. "Povu," alikuwa akisema, "ni la fundi asiye na masikio."

Nyumbani sikio hilo lilikuwa langu. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu nilifiwa na mama. Niliporudi kutoka mazikoni nilikaa kwenye cherehani siku hiyohiyo, kwa sababu kulikuwa na gauni la mtu na sikujua la kufanya na mikono yangu. Sikulia. Sijui mguu wangu ulifanya nini juu ya pedali, lakini yeye aliyekuwa ndani akisoma gazeti alitoka na kikombe cha chai, akakiweka kando ya mkasi, akarudi ndani bila neno. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi ya nyumba yetu. Nikichoka, nikiudhiwa na mteja, nikiwaza jambo la mtoto, kabla sijajijua mwenyewe nilikuta kikombe kando ya mkasi. Nilimuuliza mara moja tu anajuaje. "Mashine yako inasema," alinijibu. "Ukiwa mzima inakwenda moja kwa moja. Ukiwa na jambo, inaburuta mguu."

Halafu, baada ya mvua za mwaka jana, chai ikakoma.

Haikukoma kwa ugomvi. Siku moja sikuiona, nikasema amesahau. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Niliumwa mgongo, nikashona sare za shule arobaini na mbili huku nikiuma meno, na yeye akapita mbele yangu na spana mkononi, akanitabasamia kwa furaha kabisa, akaenda zake bandani kwa mwenzangu. Nililiweka moyoni. Nilijiambia kwamba mwanamume akizeeka moyo wake huhama, na wa kwangu umehamia kwenye chuma. Binti yetu alipolalamika kwamba baba yake kwenye simu anajibu asichoulizwa, nilimwambia, "Ndivyo alivyo siku hizi." Nilimwambia kwa uchungu, nami nakiri hivyo hapa kwa sababu aibu yake bado ninayo.

Mke Mwenza naye aliugua kipindi hichohicho. Asubuhi aliwaka bila tatizo. Alitembea dakika kumi, kumi na tano, akishapata moto na kufika njia panda akisimama tu anatetemeka, mngurumo unapanda na kushuka, kisha anazima. Magari ya nyuma yanapiga honi, mume wangu anashuka, anasukuma. Alibadilisha plagi zote. Akabadilisha koili. Akabadilisha pampu ya mafuta, kazi iliyomlaza chini ya kiti cha nyuma siku mbili, miguu ikiwa imetokeza mlangoni. Kitabu cha gari kilikuwa cha Kijapani kitupu, kwa hiyo alikipiga picha kurasa kwa kurasa na simu ikamtafsiria, naye akatoka kuja kunisomea kama habari za dunia. "Mama, sikiliza hii: 'Tafadhali usimkasirishe mnyororo.'" Siku nyingine: "'Hewa isiyoalikwa huleta huzuni ya injini.'" Tulicheka pamoja siku hiyo, mimi kwa nusu mdomo, na yeye akageuza ukurasa.

Miezi saba ilipita hivyo. Jumanne moja, tukiwa mezani mchana, alisema bila kuinua macho kutoka kwenye sahani, "Nimempigia yule mkata magari. Anakuja Jumamosi."

Mkata magari nilimfahamu. Hununua magari yaliyoshindikana, akayakata, akauza milango huku na injini kule.

"Atamkata?" niliuliza kwa sauti, maana siku hizo ilinibidi niseme kila kitu mara mbili.

"Ndiyo kazi yake. Na mimi na ufundi sasa basi. Nitakaa tu."

Nilisema "Vizuri" haraka kuliko ilivyofaa. Vyombo havijaoshwa nikawa nimeshachukua futi yangu ya kupimia, nimekwenda bandani. Nilipima ukuta wa dirisha, nikapima mlango, nikaandika kwa chaki ya kushonea. Nilipogeuka nilimkuta amesimama mlangoni ananitazama. "Meza iweke upande huu," alisema, akionyesha palepale nilipokuwa nimepachagua. "Mwanga utakuja mkono wako wa kushoto." Kwa mtu ambaye moyo umehama, alikuwa anajua mengi kuhusu mkono wangu wa kushoto. Nilizungusha futi shingoni nikatoka.

Jumatano alishusha zana zake ukutani. Alizipangusa moja moja kwa tambara la mafuta, akazitia kwenye gunia, akafunga mdomo wa gunia kwa waya. Alhamisi asubuhi alikuja barazani na ile bisbisi ndefu. Alifungua droo ya cherehani yangu, akailaza kati ya bobini na vifungo.

"Ya nini hiyo?"

"Itakufaa. Uzi ukinasa chini, chokonolea."

Bisbisi iliyosikiliza magari ya mji mzima, nichokonolee uzi! Nilifunga droo, nikaendelea kushona, lakini mshono ulinipinda, nikaufumua. Nilimtazama alivyokaa siku ile kwenye kiti cha plastiki uani, mikono mapajani, hana anachokisikiliza. Nikaelewa kwamba Jumamosi lori la mkata magari halitaondoka na gari peke yake. Litaondoka na mume wangu pia, na mimi nitabaki na meza ndefu na mwanga mzuri na mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki. Miaka yote nilitaka lile banda. Siku hiyo sikulitaka tena, na sikujua namna ya kumwambia.

Ijumaa alimtoa Mke Mwenza nje ili amwoshe. Alitaka aondoke akiwa msafi. Alimkausha, akafungua boneti, akakaa kwenye usukani ili awashe injini betri ishike, mkata magari asije akamdharau. Akazungusha ufunguo nusu. Yule mama akasema maneno yake kwa adabu ileile. Mume wangu akazungusha nusu iliyobaki, injini ikanguruma, akashuka, akaanza kufuta kioo.

"Hata leo humjibu?" nilimwita kutoka barazani. "Siku yake ya mwisho?"

Akaendelea kufuta kioo, mgongo umenielekea.

Hasira zilinipanda. Nilikuwa nimejiandaa kumwonea huruma, naye ananipa mgongo. Niliinuka na mkasi mkononi, nikashuka ngazi, nikaenda kusimama mbele ya boneti ili anione apende asipende. Injini ilikuwa imeanza kupata moto, na ile sauti yake ya siku zote ikaanza.

"Basi mzime apumzike," nilisema alipoinua uso. "Tangu mvua zile za mwaka jana maskini anahema hivi hivi, wala huna habari."

"Nani anahema?"

"Nani mwingine? Huyu. Ssss, ssss. Kama pasi yangu ikitoa mvuke."

Aliacha tambara juu ya kioo. "Anahema lini?"

"Sasa hivi! Mzee, unanitania? Si wewe mwenyewe uliniambia ndiyo pumzi yake?"

Ni kweli aliniambia. Siku alipolileta gari, alinizungusha mtaa mmoja tu kabla sijaapa kutoingia tena. Alikanyaga mafuta, akaondoa mguu, na gari likatoa mshindo wa hewa, pshh, kama mtu mwenye majivuno. "Umesikia? Hiyo ndiyo pumzi yake," alisema, na alifurahi kama mtu aliyeonyeshwa mtoto wake mchanga. Niliihifadhi habari hiyo. Gari lilipoanza kuhema bandani, nilisema mwenyewe ameshaniambia, na fundi Sikio hafundishwi kusikia.

"Ile ni mara moja," alisema taratibu, "ukiondoa mguu kwenye mafuta. Akisimama hatakiwi kuhema hata kidogo."

Akainama juu ya injini. Akatega sikio la kulia, kisha la kushoto. Aliinama mpaka shavu lake likakaribia chuma cha moto, nikamshika shati. "Sasa hivi?" aliuliza humohumo. "Unaisikia na sasa hivi?"

"Hata jirani anaisikia."

Alinyanyuka polepole. Nimeishi na uso ule miaka thelathini na nne na sikuwahi kuuona ulivyokuwa dakika ile. "Mimi sisikii kitu," alisema.

Injini ikatetemeka, ikapanda, ikashuka, ikazima. Tukabaki wawili uani na mkasi wangu.

"Na yule mama wa Kijapani?" niliuliza. Nilisogea mbele yake, nikatamka neno moja moja.

"Si spika imekufa? Nimefungua dashibodi mara mbili kuitafuta."

"Spika ni nzima. Amekusalimu sasa hivi."

Akageuka kuitazama dashibodi.

"Na cherehani yangu?" Hilo nililiuliza kwa sauti ndogo, nikalazimika kulirudia.

Alitazama barazani, akatazama miguu yangu. "Si niliifanyia sevisi mwaka jana? Nikabadilisha mkanda, nikatia mafuta. Tangu pale imekuwa kimya kabisa. Nilijisifu, Mama. Kila nikipita nakuona unashona bila kelele, nasema kazi yangu ile ilikuwa nzuri."

Nawaambieni, cherehani yangu ina kelele ya kuamsha mtaa. Niliegemea bawa la gari, pale juu ya gurudumu. Miezi yote ile alikuwa akinipita na kunitabasamia kwa sababu kwake mashine haikuburuta mguu. Kwake mke wake alikuwa mzima. Na mimi kila siku nilikuwa nikimhukumu na kumfunga, bila hata kumwita ajitetee.

"Ulikuwa hujui?"

"Nilijua kidogo," alisema. "Nilikuwa sitaki kujua." Kisha akajaribu kucheka. "Basi Sikio ndiyo kwisha habari yake."

"Nani kasema?" Niliweka mkasi juu ya paa la gari, jambo ambalo siku nyingine lingezua kesi. "Masikio mimi ninayo mawili, na kazi yake kubwa ni kusikiliza wateja wanaosema gauni limebana. Niambie nitafute wapi."

Alikwenda bandani, na nikasikia waya wa gunia ukifunguliwa.

Alirudi na mpira mwembamba wenye urefu wa mkono. Alinionyesha: upande mmoja sikioni, upande mwingine unautembeza juu ya injini, bila kugusa feni, bila kugusa mkanda, na ushungi wangu niufunge nyuma kabla haujanaswa ukanimaliza. Akawasha. Yule mama akasema maneno yake. "Anakusalimia," nilimwambia, nikionyesha kwa kidole, naye akavua kofia kuelekea kwenye dashibodi.

Nilianzia upande wa kulia wa injini. "Hapa hakuna kitu. Hapa panagonga, tik tik tik, kama mashine yangu isiyo na uzi."

"Hizo ni sindano za mafuta. Ni sawa. Rudi nyuma."

"Hapa kama mtu anachana kitambaa, lakini chumba cha pili."

"Nyuma zaidi. Chini."

Nilijipinda mpaka nikalala juu ya bawa na miguu ikaacha ardhi. Mpira uliteleza nyuma ya lile bomba kubwa la kuingizia hewa, karibu kabisa na ukuta wa injini, na ile ssss ikanipiga ndani ya kichwa nikaruka. "Hapa! Hapa anachana kitambaa sikioni mwangu!"

Aliangalia. Palikuwa giza na pembamba, hakuona kitu. Akasema, bila kunitazama, "Lete sabuni."

"Ya nini?"

"Povu."

Mungu ananijua, nilikuwa na maneno, lakini nilikwenda jikoni nikakoroga povu kwenye bakuli, nikaleta na brashi ndogo ninayofagilia vumbi la nyuzi. Nilipaka nilipoelekezwa. Mwanzoni povu lilikaa tu. Nilipofika upande wa chini wa mpira mmoja, wa unene wa kidole cha mwisho, povu likanywewa. Liliingia ndani likapotea, ile sauti ikakatika, na kabla sijafungua mdomo mume wangu akasema, "Hapo!"

"Umesikia?"

"Hapana." Alikuwa ameweka kiganja chake chote juu ya bawa la gari, vidole vimetanuka. "Nimemhisi. Ametulia." Na macho yake yakajaa maji, yangu nayo yakafuata.

Mpira ulikuwa na ufa upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Ukiwa wa baridi ulijifumba. Ukipata moto ulifunguka, ukavuta hewa ambayo injini haikuitarajia. Miezi saba alikuwa akiikagua injini asubuhi, kabla gari halijawashwa, na miezi saba mimi nilikuwa nikiusikia mchana, nikikunja nguo.

"Hewa isiyoalikwa," nilisema.

"Huleta huzuni ya injini," akamalizia, tukacheka mpaka jirani akachungulia.

Tulingoja injini ipoe. Vidole vyake havikupita kwenye ule upenyo. Vyangu vilipita, maana vimezoea kugeuza kola na kuvuta bobini. Yeye alikata kipande kipya cha mpira, akakipima kwa futi yangu, akanishikia taa na kunisemesha hatua kwa hatua kama nilivyomfundisha binti yetu kushona pindo. Nilichanika kidole kimoja. Nilipokaza kibano cha mwisho nilihisi fahari ambayo sikuihisi hata kwa gauni la harusi. Aliwasha, tukasimama kila mtu upande wake, kiganja chake kwenye bawa, sikio langu hewani. Dakika kumi. Dakika ishirini. Hakuhema, hakutetemeka.

"Panda," aliniambia.

Nilikuwa nimeapa kutopanda. Nilipanda, kwa mpango, na yeye akanifungia mkanda. Tulikwenda mpaka njia panda ile iliyomwaibisha mara nyingi, taa nyekundu ikawaka, tukasimama. Kushoto kwetu lori, kulia kwetu pikipiki tatu. Katika makelele yale yeye hakuweza kujua kama gari lake liko hai. Alikuwa ameshika gia, amekodoa macho mbele, jasho likimtoka kwenye ndita.

"Yupo?" aliuliza.

"Yupo," nilimwambia, na kwa kuwa hakuwa na uhakika, nikamshika goti. Taa ikawa kijani.

Jumamosi mkata magari alikuja na lori lake na minyororo yake, mtu mnene mchangamfu, akakuta Mke Mwenza ananguruma uani taratibu. Alizunguka mara moja, akatega sikio. "Mzee, si uliniambia gari ni bovu?"

Mume wangu alinigeukia, maana hakulipata swali. Nilijibu mimi. "Alikuwa mgonjwa. Amepona."

"Kwa hiyo haliuzwi?"

"Utusamehe kwa usumbufu, mwanangu. Mke mwenza wangu haachwi leo."

Alicheka, akatazama mkasi niliokuwa nimeushika, akaona heri aondoke na minyororo yake.

Wiki iliyofuata binti yetu alikuja, akatupeleka kwa daktari wa masikio. Daktari alisema sauti nyembamba zimekwenda na hazitarudi zote. Nene bado zipo, kidogo. Akaagiza kifaa cha kuvaa sikioni, ambacho mpaka leo tunakisubiri. Nilidhani mume wangu atarudi nyumbani amenyong'onyea. Alirudi akaanza kupigilia mbao: ubao mrefu wa kukatia vitambaa, wenye bawaba, umefungwa ukutani chini ya dirisha la banda. Gari likitoka, meza inashuka. Gari likirudi, meza inapanda. Ninamshukuru Mungu kwa ubao ule, na kwa ufa ule mdogo wa mpira, na kwa yule mama wa Kijapani asiyechoka kuulizia kadi yake. Mtu akinisikia atasema nimechanganyikiwa, ninashukuru ubovu.

Jana nilikuwa barazani nikimalizia suti ya mtu. Kola ilikuwa imenikatalia tangu asubuhi, mgongo umeanza mambo yake, na nilikuwa namkumbuka mama, sijui kwa nini, labda ni ile rangi ya kitambaa. Mume wangu alitoka bandani akifuta mikono. Alipita, kisha akarudi. Alifungua droo ya cherehani, akaitoa ile bisbisi ndefu kati ya bobini na vifungo. Aliweka ncha yake juu ya chuma cha mashine, polepole asije akanitikisa, na mpini wa mbao akauegemeza kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Akafumba macho.

Sikuinua uso. Niliendelea kukanyaga pedali kama kawaida, moyo ukinidunda kuliko siku ile ya njia panda. Alisimama hivyo kwa mshono mzima wa kola, na wa pili.

Kisha aliirudisha bisbisi kwenye droo, akaisukuma droo mpaka mwisho, akaingia jikoni bila neno. Nilisikia bomba likifunguliwa, nikasikia kiberiti, nikasikia mfuniko wa birika. Nilishona mkono mmoja wote wa koti huku naona mshono kwa taabu.

Birika likaanza kupiga mluzi. Likapiga, likapiga, na kule jikoni hakuna aliyelijibu. Nikaondoa mguu kwenye pedali, nikaenda kumwambia kwamba maji yamechemka.